Kutoka Kiinua Mgongo hadi Kadi ya Bima: Matibabu ya Wastaafu katika Historia ya Taifa Letu

Watu wanapoandika juu ya utamaduni wa taifa, kalamu zao huelekea upesi kwenye ngoma, vinyago, methali na mavazi. Mambo hayo yana haki yake. Lakini jinsi jamii inavyomtendea mtu aliyechoka kufanya kazi, nani humpeleka kwa tabibu, nani hulipa, na kwa haki gani mzee huyo hudai kutibiwa, ni utamaduni pia, tena ni ule unaogusa kila nyumba. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari ya matibabu ya wazee waliostaafu kazi katika nchi yetu: yalivyokuwa zama za kutegemea ukoo, yalivyokuwa chini ya wakoloni, yalivyotolewa bure baada ya uhuru, na yalivyoingizwa katika mpango wa bima ya serikali tangu mwaka 2001. Itatubidi kutaja sheria na asilimia za michango, kwa sababu bila hizo habari yenyewe haieleweki.

Yafaa tuanze na maneno, maana lugha huhifadhi mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Neno "kustaafu" tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuomba udhuru, kuomba kuondolewa katika wajibu. Mstaafu basi ni mtu aliyeomba ruhusa akapewa. "Bima" imetufikia kutoka upande wa Bara Hindi, pamoja na maneno mengine ya biashara, na wajuzi wa lugha huifuatilia hadi Kiajemi, ambako shina lake lina maana ya hofu. "Pensheni" ni ya Kiingereza, nayo haikujificha. Katika kundi hili lote, neno lililozaliwa nyumbani ni "kiinua mgongo". Tazama jinsi lilivyoundwa: mtu ameinama akilima au akijenga, kazi imekwisha, na huyo aliyemwajiri humpa kitu juu ya ujira wake ili ainue mgongo uliopinda. Neno hili leo hutumika kwa malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi aondokapo kazini, lakini picha iliyomo ndani yake ni ya kale zaidi kuliko ofisi yoyote ya hazina. Linakiri jambo moja ambalo maneno mengine matatu hayalitaji, yaani kwamba kazi huumiza mwili, na kwamba aliyenufaika na kazi hiyo ana deni kwa mwili ule.

Deni hilo ndilo alilolizungumzia Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1962 alipoeleza msingi wa ujamaa wa Kiafrika. Aliwajibu wale waliodhani kwamba mzee wa zamani, aliyeonekana ameketi barazani huku vijana wakilima, alikuwa mnyonyaji. Hoja yake ilikuwa kwamba mzee yule alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake, na utajiri aliouonekana kuwa nao haukuwa wake peke yake. Kutunzwa kwake hakukuwa sadaka. Miaka mitano baadaye, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, wazee waliwekwa pamoja na watoto wadogo na vilema miongoni mwa watu wachache wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine katika nchi ambayo kila mwenye nguvu ni mfanyakazi.

Hata hivyo, tusiipake jadi rangi ambayo haikuwa nayo. Matunzo ya ukoo yalimfaa mzee aliyekuwa na watoto, tena watoto waliokaa karibu. Mjane aliyefiwa na wanawe, au mwanamke tasa aliyerudishwa kwa ndugu zake, aliishi kwa huruma ya wengine. Katika baadhi ya sehemu za kanda ya ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa dalili walizohukumiwa nazo ni macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jiko kwa miaka hamsini ya kuwapikia watu walewale. Mauaji hayo yametokea katika miaka ya uhuru wetu. Mtu anayesema kwamba Waafrika hawakuhitaji mpango wowote wa kuwatunza wazee kwa kuwa ukoo ulitosha, na awakumbuke vikongwe hao.

Pamoja na ukoo, palikuwa na vyama vya kuchangiana. Watu wa mwambao walijua kula kikoa, yaani kila mmoja kuleta sehemu yake na wote kula pamoja kwa zamu. Akina mama walikuwa na upatu, na bado wanao. Miji ilipoanza kukua, vyama vya ngoma ya beni, kama vile Marini na Arinoti, viliwachangia wanachama wao katika maziko na katika maradhi, kwa maana kibarua aliyetoka mbali hakuwa na ukoo mjini. Msomaji ataona kwamba fikira ya kuweka akiba kwa pamoja haikuja na meli. Lakini kuna tofauti ambayo ni lazima ieleweke kabla ya kuifikia bima. Katika upatu, kila aliyetoa atapokea, na zamu yake inajulikana. Katika bima, mtu aweza kutoa kwa miaka thelathini asipokee kitu, kwa kuwa hakuugua. Fedha zake zimemtibu mtu asiyemjua, wa mkoa asioufahamu. Huo ni udugu wa namna nyingine, usio na sura wala jina, na si ajabu kwamba watu wengi waliona taabu kuuamini.

Sasa tuutazame ukoloni. Hapa pana kinyume kimoja ambacho vitabu vyetu vya shule havikitaji. Mwaka 1883 serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilipitisha sheria ya bima ya maradhi kwa wafanyakazi, ya kwanza ya aina yake duniani katika ngazi ya taifa. Mwaka 1889 ikaongeza sheria ya malipo ya uzeeni na ulemavu, na umri uliowekwa wa kulipwa uzeeni ulikuwa miaka 70. Mwaka huohuo wa 1889 majeshi ya Ujerumani yalikuwa Bagamoyo na Pangani yakipigana na wananchi walioongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba. Dola ileile, mwaka uleule, ilimwandikia mfanyakazi wa Berlin haki ya uzeeni na ikamletea mtu wa Pangani kamba. Watawala hawakusahau sheria zao nyumbani. Waliona tu kwamba hazimhusu mtu mweusi. Hospitali kubwa iliyowahudumia wenyeji wa Dar es Salaam wakati huo ilijengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mhindi, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo mzazi wa Muhimbili ya leo.

Waingereza walipochukua nchi, wakaikuta Tanganyika ina mashamba ya mkonge, nao wakayaendeleza. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba. Kila mmoja alipewa kipande, karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, na mpaka siku 30 zitimie hapakuwa na mshahara. Mfanyakazi alitibiwa shambani kwa kadiri ya faida aliyoileta. Nguvu zilipomwishia, alirudishwa kwao. Mzigo wa uzee wake ulitupwa juu ya mkewe na shamba la mihogo huko kijijini, na kwa njia hiyo kijiji maskini kililipia gharama ambazo kampuni tajiri ilizikwepa. Uingereza ilianzisha huduma yake ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, matibabu kwa kila raia bila kulipa mlangoni. Katika Tanganyika iliyokuwa chini ya uangalizi wake mwaka huohuo, hospitali zilitengwa kwa rangi. Malipo ya uzeeni yalikuwapo, na Sheria ya Pensheni ya mwaka 1954 iliyapanga vizuri, ila yalimhusu mtumishi wa serikali mwenye ajira ya kudumu, na Waafrika waliofikia ajira ya namna hiyo walikuwa wachache.

Baada ya uhuru serikali ilishughulika mapema na uzee wa wafanyakazi. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi. Mwajiri na mwajiriwa walichanga sawasawa, na mwanachama alipofikia uzee alipewa akiba yake yote kwa mkupuo. Mwaka 1978 ukaanzishwa mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma. Mfuko wa akiba uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii mwaka 1997, na mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja. Haya tunayapita haraka, kwa kuwa yanahusu fedha ya kula. Matibabu yalikuwa habari nyingine: katika miaka ile hakuna aliyeona haja ya kumwekea mzee akiba ya kutibiwa, kwa sababu hospitali za serikali hazikumtoza mwananchi ada. Serikali ilielekeza nguvu vijijini, zahanati na vituo vya afya vikajengwa kwa wingi katika miaka ya 1970, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikawakusanya watu wazima kwa mamia ya maelfu kuzunguka redio, na mwaka 1977 biashara ya matibabu kwa faida ya mtu binafsi ikapigwa marufuku. Mstaafu wa mwaka 1975 aliondoka kazini na pensheni ndogo, lakini alijua kwamba akiugua atakwenda hospitali ya wilaya na kutibiwa kama alivyotibiwa alipokuwa kazini.

Kisha mambo yakaharibika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei ya mazao yetu katika soko la dunia, na baadaye masharti ya wakopeshaji, vyote vilikausha hazina. Hospitali zilibaki na milango wazi na makabati matupu. Matibabu yalikuwa bure kwa jina; mgonjwa aliandikiwa dawa na kuelekezwa akainunue. Mwaka 1991 sheria iliruhusu tena tiba ya binafsi, na mwaka 1993 serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake, utaratibu ulioitwa kuchangia gharama. Tunaona neno hilo "kuchangia" lilichaguliwa kwa uangalifu. Mchango, katika Kiswahili, ni kitu kinachotolewa na wengi kwa ajili ya mmoja mwenye shida: harusi, msiba, ada ya mtoto. Hapa mwenye shida ndiye aliyeambiwa achangie.

Waliopigwa zaidi na mabadiliko hayo ni wastaafu. Mfanyakazi aliye kazini aliweza kukopa, kuomba malipo ya mapema ya mshahara, au kupata msaada wa mwajiri. Mstaafu alikuwa na pensheni iliyohesabiwa kwa mshahara wa miaka iliyopita, wakati shilingi ilikuwa na uzito mwingine. Kundi lililosikika sana lilikuwa lile la waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yake, yaliyosimamiwa na msuluhishi Victor Umbricht, yalitiwa saini mwaka 1984. Lakini madai ya wastaafu wa Tanzania yaliendelea hadi karne hii. Watu wa reli, bandari na posta, waliokuwa na mishahara mizuri kuliko wengi, walizeeka wakiwa katika mlolongo wa madai, na wengi walikufa kabla ya kulipwa. Ukiwauliza wazee wa Dar es Salaam maana ya neno "mafao", yaelekea utasimuliwa kwanza habari ya watu hao.

Katika hali hiyo ndipo ilipotungwa Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Na. 8 ya mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Utaratibu wake si mgumu kueleweka. Kila mtumishi anayehusika hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3, jumla asilimia 6. Tuchukue mfano wa darasani: mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 18,000, mwajiri wake hulipa 18,000, na Mfuko hupokea shilingi 36,000 kwa mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka. Kwa mchango huo hutibiwa yeye, mke au mume wake, na wategemezi wasiozidi wanne waliotambuliwa kisheria. Mtu mwenye mshahara mkubwa hulipa zaidi kwa shilingi, lakini kadi yake haimpi familia kubwa kuliko ya mwenzake mwenye mshahara mdogo. Mpango ulianza na watumishi wa serikali kuu, kisha ukaenezwa kwa watumishi wengine wa umma na, baadaye, kwa makundi mengine.

Watumishi wengi hawakuupokea kwa shangwe. Walikumbuka matibabu ya bure, na makato yalionekana katika hati ya mshahara kila mwezi wakati ugonjwa hauonekani. Swali lililowauma zaidi lilikuwa la uzee: nitakatwa miaka ishirini nikiwa na nguvu, kisha nitakapostaafu, maradhi yatakapoanza kunifuata, mchango utakoma na kadi itakoma? Swali hilo lilikuwa na haki kamili. Kijana hutumia bima kidogo. Kisukari, shinikizo la damu, macho na magoti ni maradhi ya miaka ya baada ya hamsini na mitano, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na sitini, umri anaolazimika. Bima inayomwacha mtu mlangoni mwa uzee ingekuwa kama mwavuli unaokunjwa mvua inapoanza.

Jawabu lililotolewa lilikuwa kwamba mwanachama aliyestaafu aendelee kutibiwa, yeye na mwenza wake, bila kukatwa kitu katika pensheni. Ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwa hesabu za biashara, mzee ni mteja mbaya: halipi, na hutumia sana. Kampuni ya bima ya kawaida humtoza mtu zaidi kadiri umri unavyosonga, au humkataa. Hapa fedha zinazomtibu mstaafu hutoka katika michango ya walio kazini sasa, kama yeye alivyowatibu wengine alipokuwa kazini. Ile hoja ya mwaka 1962 juu ya mzee aliyeketi barazani imepewa namba ya uanachama.

Lakini kadi ya mstaafu haiji yenyewe, na hapa tunawaomba walimu wasikilize, kwa kuwa wao ni kundi kubwa katika utumishi wa umma. Kadi ya kazini hukoma pamoja na kazi. Mstaafu hupaswa kujiandikisha upya kwa hati zake za kustaafu ili apewe kadi ya kundi jipya. Wengi hukwama hapo kwa mambo madogo: jina lililoandikwa kwa herufi moja tofauti katika cheti cha ndoa, tarehe ya kuzaliwa iliyokadiriwa wakati wa kuanza shule na kukadiriwa tena wakati wa kuajiriwa, mke ambaye hakuwahi kuandikwa kwa kuwa mume aliona aibu kueleza nyumba yake ofisini. Nafasi ya mwenza ni moja, na mwenye wake wawili lazima achague, jambo ambalo mila zake hazikumfundisha. Watoto na wajukuu hawamo katika kadi ya mstaafu. Kanuni hii inaeleweka ukiitazama Ulaya, ambako mtu wa miaka sitini amekwisha kulea. Kwetu, hasa baada ya UKIMWI kuondoa wazazi wengi vijana, bibi na babu wengi wamerudi kulea upya. Mwalimu mstaafu anayelea wajukuu watatu ana kadi inayomtibu yeye. Wajukuu wakiugua homa, atatafuta fedha kama mtu asiye na bima.

Wako pia waliostaafu kabla ya mwaka 2001. Hao hawakuwahi kukatwa, kwa hiyo hawakuwahi kuwa wanachama, na mlango wa uanachama wa mstaafu haukuwafungukia. Nao ndio kizazi kilichojenga nchi katika miaka ya mwanzo ya uhuru: waganga wa zahanati za kwanza, walimu wa kisomo cha watu wazima, mabwana shamba. Walifanya kazi katika zama ambazo mshahara mdogo ulihesabiwa kuwa umekamilishwa na matibabu ya bure. Waliposimama kupokea nusu ya pili ya malipo hayo, utaratibu ulikuwa umebadilishwa. Kwa maoni yetu, hii ndiyo dhuluma kubwa katika habari hii yote, ingawa hakuna mtu mmoja aliyekusudia kuitenda.

Si sisi peke yetu tuliotafuta njia. Jirani zetu wa Kenya walianza bima ya hospitali ya taifa mapema, mwaka 1966, na mwezi Oktoba 2024 wakaibadilisha kwa mamlaka mpya ya afya ya jamii. Marekani, nchi inayojulikana kwa kuiachia biashara kila kitu, iliona kwamba biashara haimtaki mzee. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare katika mji wa Independence, Missouri, na kadi ya kwanza akapewa rais mstaafu Harry Truman, ambaye alijaribu kupata bima ya taifa akashindwa. Mpango huo huwahusu hasa watu wa miaka 65 na zaidi. Aliyechangia kodi yake kazini kwa muda wa miaka kumi hupata sehemu ya kulazwa hospitali bila mchango wa mwezi, lakini sehemu ya madaktari hulipiwa kila mwezi hata uzeeni, na anayechelewa kujiandikisha bila sababu inayokubaliwa huongezewa mchango kwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliouchelewa. Wenzetu waliohamia huko na kuzeekea huko wanaijua adhabu hiyo. Ukilinganisha, utaona kwamba mstaafu wetu mwenye kadi hadaiwi mchango, na kwamba mstaafu wao anafikiwa hata kama hakuwa mtumishi wa serikali.

Hapo ndipo penye kasoro ya msingi. Neno "mstaafu" kwetu humtaja mtu aliyekuwa na mshahara. Mkulima wa Kasulu au Newala hastaafu; hakuna wa kumwomba udhuru. Hulima hadi mwaka ambao jembe linamshinda, na hakuna barua inayoandikwa siku hiyo. Kwa watu kama hao ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Kaya ililipa mchango mdogo kwa mwaka, na serikali ikaahidi kuongeza kiasi kilekile, mpango ambao watu waliuita tele kwa tele. Ulipoboreshwa kuanzia mwaka 2018, mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara. Kiasi hicho ni kidogo kwa kaya yenye kijana anayefanya kazi. Kwa wazee wawili waliobaki peke yao, ambao fedha huiona msimu wa korosho tu, ni kikubwa, na hulipwa upya kila mwaka bila kujali walilipa miaka mingapi iliyotangulia. Mfuko huo hauna kumbukumbu ya ujana wa mtu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilijaribu kuziba pengo kwa kutamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya serikali. Halmashauri zilianza kuwatambua na kuwapa vitambulisho, hospitali zikatenga madirisha ya wazee, na matangazo yakabandikwa kuwataka watu wampishe mzee kwanza. Wengi wamenufaika. Lakini dirisha la wazee haliwezi kutoa dawa isiyokuwapo, na malalamiko ya wazee yamekuwa yaleyale: kumwona daktari ni bure, dawa ni dukani. Zanzibar, ambako matibabu yalifanywa bure baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na nyumba za wazee zikawekwa Sebleni na Welezo, ilikwenda hatua moja mbele mwezi Aprili 2016 kwa kuanzisha pensheni ya jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe alikuwa karani, mvuvi au mama wa nyumbani. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa. Jipya lilikuwa kwamba hakuna aliyeulizwa mwajiri wake alikuwa nani.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara kuwa na bima, na inayoweka chanzo maalumu cha fedha, kikiwamo sehemu ya ushuru wa bidhaa kama vinywaji na vipodozi, kwa ajili ya wasio na uwezo. Kwa mara ya kwanza sheria moja inamtazama mwalimu mstaafu na mkulima aliyeshindwa na jembe katika ukurasa mmoja. Kazi iliyobaki ni ile ambayo haifanyiki Dodoma. Ni ya kila kijiji: kuketi na kuandika, jina kwa jina, nani hana uwezo. Watakaoandika watawajua wale wanaowaandika. Watakuwa ni jamaa zao, watani zao, na pengine wagomvi wao. Na katika orodha hiyo, wa kutafutwa mapema ni bibi anayeishi pembeni, asiye na mtoto, mwenye macho mekundu, ambaye hafiki mkutanoni.